Walitaka Jina, Dawa Ilikuwa Sindano

Kama umetema damu leo asubuhi, na nyumbani kwako kuna mtu anasema kwanza familia ikae izungumze, vaa viatu uende lopitali. Maneno yangu utayasoma ukirudi, hayaendi popote. Mi niliyaandika kwa hasira, na hasira yenyewe haijaisha, kwa hiyo usitegemee kubembelezwa hapa.

Nilikuwa mshonaji. Tulikaa kwenye kambi ya wafanyakazi, Kolwezi, mimi na mume wangu Ilunga na binti yetu Kalenga, ambaye meno ya mbele ndiyo yalikuwa yanang'oka. Ilunga alifanya kazi mgodini, kwenye shimo la shaba liitwalo Mashamba, kupaka girisi mashine kubwa. Mimi natoka Dilolo, mpakani na Angola, na watu wake wanatoka kaskazini. Ilikuwa miaka ile tulipokatazwa majina ya watakatifu, kila mtu akaitwa mwananchi, mwanamume citoyen na mwanamke citoyenne, wanaume wakavua tai. Nilishona abakosi, yale makoti yasiyovaliwa na tai, mpaka vidole vikaota sugu, na vumbi la nguo nililivuta mchana kutwa.

Ilunga alianza kukohoa wakati wa kiangazi, vumbi la shimo lilipokuwa likiingia hata ndani ya sufuria. Wakati huo kila mtu anakohoa, nani angejali? Mvua ya kwanza ikaja, vumbi likalala, yeye hakuacha. Suruali zake nikazipunguza kiuno, nikazipunguza tena, na mara ya tatu nikakaa na ile suruali mapajani, nikaogopa. Asubuhi moja alitema kwenye kitambaa, akakikunja haraka. Nikamnyang'anya. Damu.

"Haina kitu," akasema. "Ni jino."

"Jino liko kifuani? Vaa, twende."

Benchi la lopitali mi nalijua kuliko kitanda changu. Mbao zimelainishwa na makalio ya watu, ukuta umepakwa rangi ya kijani mpaka usawa wa bega, na mlango mmoja tu ambao kila mtu anautazama. Ukikohoa, jirani yako anasogea kidogo. Ukikohoa tena, anainuka kabisa. Mwanzoni nilikuwa naona aibu. Baadaye miguu ilipochoka nikaanza kukohoa makusudi ili nipate nafasi ya kuinyoosha, na sitaomba msamaha kwa hilo.

Muuguzi alimpa Ilunga kikopo cha kutemea chenye kifuniko, halafu akanigeukia mimi. "Na weye mama? Unakohoa tangu wakati gani?"

Nikamwambia mi sikohoi, ni vumbi la nguo. Akanipa kikopo changu. Tukapigwa foto za kifua wote wawili, tumevuliwa nguo, tumebandikwa kwenye bati la baridi mpaka meno yanagongana. Munganga, daktari wa pale, alikuwa kijana aliyesoma Ulaya, miwani na viatu vya kung'aa. Alizishika zile foto dirishani, akasema tumeliwa wote wawili, mimi na mume wangu. Kifua kikuu. Sindano kila asubuhi mpaka mvua ziishe, na vidonge mpaka mvua nyingine zije.

Nililia njiani. Ilunga alinishika mkono, nakumbuka, na huo ndio mkono wa mwisho alionipa kwa muda mrefu. Kwa sababu tulipofika nyumbani tulimkuta dada yake mkubwa, Mama Monga, amekaa kwenye kiti changu cha kushonea. Majirani walikuwa wameshampelekea habari ya damu.

Lazima nikueleze mambo ya kwao, hata kama mate yananikauka. Kwao, mwanamume akikohoa damu, hawamtazami yeye. Wanamtazama aliyempikia. Wanasema mwanamke akilala na mwanamume wa nje, kisha akatia chumvi kwenye mboga ya mume wake, ile chumvi inashuka kifuani inamkatakata. Ili apone, mwanamke ataje jina mbele ya familia, na huyo mwanamume alete kuku. Asipotaja, dawa yoyote anayopewa mgonjwa ni maji tu. Na atakayetaja haulizwi mara mbili, kwa sababu wanasema hakuna mwanamke anayeweza kudanganya juu ya jambo hilo mbele ya mgonjwa.

"Mama Kalenga," akasema Mama Monga, sauti tamu kabisa. "Sema tu. Hatutakupiga. Sema jina, ndugu yetu apone."

"Mi sina jina."

"Kila mwanamuke iko na jina."

"Na mimi je? Mi pia niko nakohoa. Foto yangu ni hii hapa. Nani alinitilia chumvi?"

Hakufikiri hata kidogo. "Weye, inakurudilia. Hayo njo malipo yako."

Unaona watu wa namna hiyo? Kila mlango ukiufungua, wao wameshakaa nyuma yake. Nikamtazama Ilunga anitetee. Alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

Mama Monga akamchukua Kalenga akakae kwake, upande wa pili wa kambi. Munganga pia alikuwa amesema mtoto asilale nasi, kwa hiyo sikuweza kukataa. Nilikuwa nakwenda kumwangalia kwenye uzio wa majani, nasimama mbali. Siku moja aliniuliza, wazi tu, kama mtoto anavyouliza habari ya mvua: "Mama, ni kweli uko unamuua baba?" Nilimwambia hapana. Akarudi kucheza. Mi nilikwenda nyumbani nikapiga ukuta kwa ngumi mpaka ngozi ikachubuka.

Asubuhi tulikwenda sindano. Lile shimo la sindano halipati muda wa kupona, unachomwa takoni juu ya uvimbe wa jana, na mshonaji mwenye makalio ya mawe anakaa upande mmoja kwenye mashini kama kuku anayelalia mayai. Uyoga ulipoanza kuuzwa barabarani, masikio yangu yakaanza kuimba. Sauti nyembamba, mchana na usiku, haikai kimya. Kisha kichwa kikaanza kuzunguka. Nilikuwa natembea nimeshika ukuta wa nyumba za watu, na wenye nyumba wakasema mke wa Ilunga sasa anakunywa tangu asubuhi. Jirani mmoja tu, mama mzee muuza maharage, alikuwa anatoka, ananipa bega, tunakwenda pamoja mpaka kwenye lami. Mungu ambariki yule mama.

Damu ya Ilunga ilikatika, akaanza kula, nikafikiri tumevuka. Kisha homa ikamrudia jioni moja, na Mama Monga akaja kumkalia kichwani. Kesho yake nilipomwamsha hakuinuka.

"Mi siendi tena," akasema, amegeukia ukuta. "Ile shindano ni mayi tu. Itakuwa mayi mpaka weye utasema."

"Ilunga, utakufa."

"Sema basi."

Ndivyo ilivyokuwa. Uhai wake ameuweka mkononi mwangu, amekunja vidole vyangu juu yake, na ameniambia nikifungua mdomo nitakuwa malaya, nikiufumba nitakuwa muuaji. Kesho yake hakwenda. Na keshokutwa yake hakwenda.

Nikaingia kwa munganga bila kuitwa. Watu wa benchi walipiga kelele, nikawaambia wanyamaze, kifua changu kinaoza kama chao.

"Ile dawa inafanya nini?" nikamuuliza. "Nieleze kama kwa mtu mwenye akili."

Naona alifurahi. Watu hawa waliosoma, ukiwauliza habari ya kitabu wanasahau kwamba unakufa. Akavuta kiti. "Citoyenne, yule mududu ni seli moja tu. Ndani yake kuna maandishi aliyorithi kwa mama yake: namna ya kujenga ukuta wake, namna ya kula, namna ya kuzaa. Lakini maandishi peke yake hayafanyi kitu. Lazima yasomwe. Kwa hiyo mududu ana vimashine vidogo sana, kila kimoja kina vipande viwili. Kipande kidogo kinatangulia. Kinashika uzi wa maandishi, kinatafuta pale pa kuanzia kusoma. Kikipapata, kipande kikubwa kinashuka juu yake, vinafungana, ndipo kazi inaanza. Kinasoma, kinaunganisha, kinatoa protini. Nyingine, na nyingine. Hizo protini njo mwili wa mududu."

"Kama mashini yangu. Kitambaa unakiweka, kile kiguu kinashuka kukikanyaga, ndipo unaanza kushona."

"Karibu vile, ee."

"Na dawa?"

"Inakamata kile kipande kidogo. Mududu anataka kuanza, hawezi. Au anaanza vibaya, anasoma ovyo, anajenga vitu vya ovyo, vinamuua mwenyewe."

"Na mimi si nina vimashine hivyo?"

"Vya watu vimeumbwa tofauti. Dawa inavipita."

"Na masikio yangu yanayolia?"

Akatazama dirishani. "Masikio, tutaangalia."

Tutaangalia! Ndani ya mdudu anakujua mpaka uzi wa mwisho, na sikio langu lililo mbele ya pua yake hana habari nalo. Lakini sikuwa nimekuja kwa ajili ya sikio. Nikamuuliza: "Hiyo dawa ikikamata kile kipande kidogo, inauliza kwanza mwanamke alilala na nani?"

Alicheka. Mi sikucheka, akaacha. "Hapana, citoyenne. Haiulizi kitu."

"Na mtu akiacha sindano katikati?"

"Wadudu waliobaki wataanza kusoma upya. Na watakaozaliwa, wengine dawa haitawakamata tena."

"Basi njoo uwaambie watu wa mume wangu."

"Mambo ya familia mi siingii," akasema, akaita mgonjwa mwingine.

Mama yangu alifika kwa treni kutoka Dilolo. Alinikuta nimelala sakafuni kwa sababu kitanda kilikuwa kinazunguka. Alilia, akanikanda miguu, kisha akaniambia lile ambalo kila mwanamke kambini alikuwa ananong'ona. "Mutoto yangu, taja tu mutu. Mutu yeyote. Taja mwenye alishakufa, nani atamuuliza?"

"Marehemu wana wajane, mama. Na watoto wao wanapita hapa kila siku."

"Basi weye unataka nini?"

Nilitaka Ilunga aishi. Nilitaka Kalenga asiambiwe kwamba nimeua. Na nilitaka wale watu wameze kitu kigumu, kiwakwame. Nikamwambia mama awaite, wakae Jumapili.

Tulikaa uani kwa Mama Monga. Wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, Ilunga juani ndani ya blanketi, mifupa ya mabega imesimama. Tata Mulumba, mume wa Mama Monga, karani wa stesheni, mtu mpole mwenye baisikeli safi kupita wote kambini, alikuwa pembeni anakunywa munkoyo, kinywaji chake kichachu. Katika vikao vyote alikaa hivyohivyo, anakunywa mahindi yake na mizizi, anamwacha mke wake anitafune.

Kwanza nilijaribu kwa heshima. Nikawaeleza maandishi, vile vipande viwili, na dawa inavyomzuia mdudu asianze. Baba mkubwa wa Ilunga, ambaye ndiye aliyeongoza kikao, alisikiliza kichwa kimeinama.

"Sawa," akasema. "Dawa inamukataza mududu kuanza. Na ugonjwa, nani aliuanzisha?"

Watu wakapiga makofi. Mama Monga akapiga kigelegele kabisa.

"Basi," nikasema. "Nikitaja jina, Ilunga atakwenda sindano kesho asubuhi?"

"Kesho asubuhi."

"Na kila asubuhi mpaka munganga aseme imetosha? Na vidonge vyote?"

"Tunaapa."

"Si nyinyi. Yeye aape."

Ilunga akainua mkono kutoka ndani ya blanketi, akaapa. Sauti yake ilikuwa imekwisha, ilibaki pumzi.

"Na nitakayemtaja hamtaniuliza mara mbili?"

"Haiulizwake," akasema Mama Monga, macho yanang'aa. "Mwanamuke hawezi kudanganya apa. Sema!"

Nikamwangalia usoni. "Ni Tata Mulumba."

Mawee! Kikombe cha munkoyo kilianguka. Mama Monga aliruka kutoka kwenye mkeka. "Muongo! Muongo uyu! Malaya, muongo!"

"Umesema mwenyewe mwanamke hawezi kudanganya hapa."

"Mi sijamugusa!" Mulumba alikuwa amesimama, anamgeukia huyu, anamgeukia yule. "Baba mukubwa, mi sijamugusa ata kidole!"

"Banaume bote banasema vile," baba mkubwa akajibu kwa uchovu. "Leta kuku."

Nilicheka. Niseme kweli, nilicheka mpaka nikakohoa, na nikakohoa mpaka mama yangu akanibeba. Mama Monga hakukaa tena kichwani kwa ndugu yake. Kesho yake asubuhi Ilunga aliamka, akafunga viatu, akakwenda lopitali. Alitembea upande wa kulia wa barabara, mimi upande wa kushoto. Kwenye benchi alikaa mwisho huku, mimi mwisho kule. Sindano ilikuwa moja, kutoka chupa za aina moja, mkono wa muuguzi mmoja.

Tata Mulumba alinisubiri sokoni baada ya siku kadhaa, anasukuma baisikeli. Nilijiandaa kutukanwa. "Mama," akasema chini chini, "ulinikamata muzuri. Siku ile nilikana. Sitakana tena mpaka Ilunga amalize shindano." Akatazama nyuma, akaongeza: "Na kwangu kuko kimya. Kuku ile ilikuwa bei ndogo." Ndiye mtu wa pekee katika ukoo ule aliyeelewa nilichofanya, na ndiye niliyempaka matope. Hilo linaniuma.

Mvua zikaisha. Sindano zikaisha. Vikabaki vidonge, vikubwa, vichungu, vinavyogeuza mkojo na tumbo na usingizi. Munganga aliangalia masikio yangu hatimaye, akayaona yaliyokuwa ya kuonwa: la kushoto limekwenda. Kizunguzungu kilipungua kidogo kidogo, nikaweza kuvuka uwanja bila ukuta. Nyama ikarudi mapajani. Damu ya mwezi, iliyokuwa imekatika tangu wakati wa uyoga, ikarudi asubuhi moja nikiwa kwenye mashini, nikakaa nikailia kwa furaha. Kalenga alirudi nyumbani kiangazi kilipoanza. Alinikumbatia sana. Lakini nilipokuwa napika, alisimama mlangoni, anautazama mkono wangu kila ulipokwenda kwenye kopo la chumvi. Niliwahi kuchomwa sindano nyingi, hakuna iliyoingia pale.

Mvua nyingine zilipokuja tulipigwa foto za mwisho. Munganga alizishika dirishani, moja mkono huu na moja mkono ule, akacheka kama mtu aliyezichora mwenyewe. Vifua vyote viwili safi, kovu tu. "Citoyenne," akaniambia, "hawakuweza kuanza." Nilimpa mkono. Alistahili mkono.

Tulirudi kwa miguu. Ilunga alivuka akaja upande wangu wa barabara. Alikuwa amenenepa shingo, suruali zake nilikuwa nimezifumua kiuno zote. Akanishika mkono, kwa upole, kama siku ile ya kwanza.

"Mama Kalenga," akasema. "Nimekusamehe."

Nikafikiri sikio limenidanganya, nikamgeuzia la kulia.

"Nimekusamehe. Kama haungesema, mi ningekufa. Ulisema, nikapona. Juu ya Mulumba, yameisha."

Nilisimama katikati ya barabara, lori la kampani likanipigia honi. Nikamwambia ilikuwa uongo. Hakuna Mulumba, hakuna mtu, hapajawahi kuwa na mtu. Nilitaja ili ainuke kitandani aende sindano.

Alitabasamu. Hakukasirika hata kidogo, na ningependa angekasirika. "Kama ilikuwa uongo, juu ya nini nilipona?"

"Na mimi? Mi pia nilipona, Ilunga. Weye ulitaja jina gani kwa ajili yangu?"

Tabasamu lilikaa pale usoni muda mfupi, halikujua liende wapi. Alitazama barabara inayokwenda kambini, akavuta pumzi, ndefu, kifua chote, bila kukohoa. Nilimtazama akiivuta mpaka mwisho. Pumzi ile niliinunua mimi, kwa jina langu.

"Mi sijakusamehe," nikamwambia.

Tukaenda nyumbani, nikapika.